Kilima Tulichokiita Ushago

Wambui, mwanangu, mama yangu,

Najua wazazi wengine huandika barua kama hii usiku, nyumba ikiwa imelala. Mimi usiku ni wa kazi, unanijua. Nimetoka shifti asubuhi, nimeoga, nimejilaza, usingizi umekataa. Sasa ni mchana, jua la Carrollton limeshika dirisha lote, miguu yangu iko ndani ya beseni la maji ya chumvi, na wewe umeenda kuwaaga rafiki zako. Masanduku yako yamesimama hapa sebuleni. Nimeyapita mara nyingi nikienda jikoni na sijayagusa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha chati za wagonjwa. Nikikianza nitakuandikia umelala vipi, umekula kiasi gani na ngozi yako ina rangi gani. Kikuyu hujui kukisoma. Kiswahili utakisoma polepole, na mimi nataka haya yasomwe polepole. Univumilie tu. Nimechoka, na nikichoka huwa nazunguka sana kabla ya kufika ninakokwenda.

Habari za koti zito, viatu vya mvua na kadi ya basi siziandiki. Umeshazisoma kwenye simu na unazijua kunishinda. Nataka kukuandikia juu ya kile kilima, kwa sababu nilikaa pale kabla yako, na juu ya swali uliloniuliza Jumamosi kwenye gari, ambalo mpaka leo sijalijibu.

Tulikuwa tumetoka Stafford, pembeni ya Houston, kwa Auntie Njeri. Alikuwa amekupikia, amekuombea, na baada ya amina akatoa kile alichokuwa amekikalia siku nzima. "Yaani unaacha mamako na mgongo wake hapa Texas, unaenda kulea mzungu asiye hata wa ukoo? Na mshahara wa huko ni nusu ya huu?" Wewe ulicheka kwa heshima, ukasema, "Auntie, it's not like that." Wote wakaniangalia mimi, kwa sababu ndiye mama na ndiye mwenye mgongo. Mimi nikamega chapati nyingine. Hata njaa sikuwa nayo.

Njiani, tulipoiacha Houston nyuma na misonobari ikaanza kando ya barabara, ulizima redio. Ulisema, "Mum, just tell me. Unataka niende ama hutaki? Ukisema nibaki, nitabaki. I mean it." Nikafumba macho nikajifanya nimelala. Ulijua sijalala, maana nilikuwa nimeushika mkanda wa gari kwa mikono miwili. Uliwasha redio, ukaendesha mpaka nyumbani bila kuniuliza tena. Tangu siku hiyo tunaongea juu ya uzito wa masanduku.

Nitakujibu kabla ya karatasi hii kwisha. Lakini acha nianzie kule juu.

Nilifika pale, mbali kaskazini mwa London, nikiwa na umri kama wako, na hofu zaidi yako. Mji wenyewe uko chini, bondeni, na hospitali yake na viwanda vya zamani vya nguo ambavyo siku zile vilikuwa vimeshageuzwa kuwa nyumba za watu. Kilima kinaanza pale mji unapoishia. Barabara ni moja, inapanda katikati ya safu za nyumba za mawe yaliyoingia weusi wa moshi wa zamani, na basi linageuzia juu kabisa, mbele ya kanisa dogo lililofungwa. Baada ya hapo ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na kondoo. Ukiosha vyombo jikoni kondoo anakuangalia. Si kijiji hasa na si mji. Ukitoka chini kwa miguu hata jasho halijakutoka umeshafika, lakini wenyeji walikuwa wakisema wanashuka mjini kama mtu anayekwenda nchi nyingine, na wakirudi walilaumu kila kitu walichokiona huko.

Tulikuwa wanawake wanne Wakenya, tumepanga nyumba moja, wote tukifanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao. Pale tulipaita Ushago, yaani kijijini kwetu. Mmoja wetu, Esther, ndiye aliyeanza, na sisi wengine tukaona amesema kweli. Ukungu ulikuwa ule ule wa kwetu Othaya, matope yale yale, na majirani wale wale wanaojua umerudi saa ngapi na nani amekusindikiza. Tulikuwa tukiagana kazini tukisema leo narudi Ushago mapema. Nilipohamia huku Texas kilichonitesa miaka ya kwanza hakikuwa joto. Ni kwamba hakuna juu. Kila kitu kimelala sawa, hata maji ya mvua kule Houston hayajui yaende wapi, yanabaki barabarani yakisubiri kuambiwa.

Nyumba ya pembeni yetu walikaa Doreen na mumewe Len. Wewe Doreen unamjua zaidi kwa simu, umeongea naye kila Jumapili tangu ujifunze kushika simu. Mimi nilimjua akiwa na nguvu zake, mama mfupi, mkavu wa maneno, anayefagia ngazi zake asubuhi kama ana ugomvi nazo.

Kosa letu la kwanza kwake lilikuwa la chai. Alinikuta kwenye kituo cha basi akasema, njooni siku moja mnywe chai. Kwetu ukishaambiwa hivyo umealikwa. Jumapili baada ya ibada tukavaa vizuri, wote wanne, tukabeba sukari, mkate na unga wa ugali, tukagonga. Alifungua akiwa na nguo za bustani, mikono ina udongo. Len alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, mpira unaendelea kwenye televisheni. Doreen alituangalia, akauangalia ule unga, akasema basi ingieni. Tulikaa mpaka jioni na tukaomba kabla ya kuondoka. Ni baada ya muda mrefu ndipo nilipokuja kujua kwamba kule njoo siku moja ni namna ya kusema kwaheri. Ukiambiwa, tabasamu, ngoja mpaka siku itajwe. Ule unga ulikaa kabatini kwake miaka yote niliyokuwa pale. Hakujua wa kufanyia nini, na hakuutupa.

La pili silicheki. Unaijua nusu yake kwa sababu Auntie Njeri huisimulia kwenye sherehe watu wakacheka, lakini Njeri hakuwepo.

Len alikufa ghafla, wakati wa baridi, akiwa kwenye kishamba chake cha mboga nyuma ya nyumba. Sisi tukafanya tulivyolelewa. Kwetu nyumba ya msiba haiachwi peke yake. Jioni ile ile tukaingia kwa mlango wa jikoni na sufuria ya chai ya maziwa, viti vyetu na vitabu vya nyimbo. Tukaimba. Tukaomba kwa zamu na kwa sauti, ndiyo matanga hayo. Doreen alikaa kwenye kona ya meza amekunja mikono, na kila tulipomshika bega alisema asante. Sisi tuliiamini ile asante. Esther akaosha vyombo vyote. Mimi nikaona kapu la nguo chafu, na nyuma ya mlango sweta ya kijivu ya Len, viwiko vina udongo. Nikasema mjane asiamke akute kazi. Nikaenda nazo kwetu nikazifua zote kwa mikono, kwa sabuni nyingi, na alfajiri nikazianika kwenye kamba yake.

Nikitoka kwenda kwa mgonjwa wangu wa kwanza nikamwona. Alikuwa ameitoa sweta kwenye kamba ikiwa bado inachuruzika, ameufukia uso ndani yake, anainusa. Aliinua kichwa akaniona. Akaingia nayo ndani, maji yakimlowesha miguu.

Nilipanda ngazi tatu za mgonjwa wangu ndipo nikaelewa. Harufu ya mumewe ilikuwa imebaki pale tu, na mimi nilikuwa nimeitoa kwa sabuni, tena nikijisifu.

Jioni tulirudi na sufuria. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa ufunguo na taa inawaka ndani. Tulisimama kwenye mvua tukiangaliana, Esther akaanzisha ubeti mmoja kwa sauti ya chini, tukaumaliza, tukaenda kunywa chai yetu wenyewe. Wenzangu walikasirika, wakasema wazungu hawana shukrani. Mimi nilikuwa na aibu tu. Nikawa napita barabara ya nyuma ili nisionekane dirishani kwake.

Nilimwendea baridi ilipopungua. Sikubeba kitu. Nikamwambia nimekosa, akaniambia keti. Nikaketi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikakaa kwenye nyumba ya msiba bila kuimba na bila kufua chochote. Giza liliingia tukiwa tumekaa hivyo hivyo. Nilipoinuka aliniambia nirudi kesho, na mara hii alitaja saa.

Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata, katika hospitali ile ile unayokwenda kufanya kazi. Baba yako alikuwa ameshahamia London, na London haikumrudisha. Nilikupa jina la mama yangu, ndiyo maana tangu ukiwa kwenye nepi nakuita mama, na ulipokuwa shule ya msingi hapa ulikuwa ukininong'oneza nisikuite hivyo mbele ya wenzako. Nilipotakiwa kurudi kazini Doreen alikuja mwenyewe mlangoni akasema, niachie huyo. Nikakuachia. Sikuwa na mwingine.

Alikulea vizuri. Ulijifunza kutembea kwenye mteremko, ndiyo maana mpaka leo unatembea kama unapanda. Lakini ukianguka ulinipita mimi ukakimbilia kwake, na nilikuwa na wivu, Wambui. Nilikuwa nimeshinda nikiwaosha wazazi wa watu wengine, narudi nakuta mwanangu ananukia sabuni ya nyumba ya jirani. Nilikuwa nikikuogesha upya. Umeoga mara mbili kila siku ya utoto wako, na Doreen alijua na hakuwahi kunisema.

Halafu tukaondoka, na hapo ndipo nilipokosea kuliko kote.

Auntie Njeri alikuwa ameshatulia Stafford, na alinihangaikia mpaka karatasi zangu zikatoka. Wewe umekulia huku hujui tulivyofundishwa kuhusu safari. Safari haitangazwi. Huambii jirani, huambii kanisa, wengine hata mume hawamwambii, mpaka visa iko kwenye pasipoti na sanduku liko mlangoni, kwa sababu jicho la mtu linaweza kuiharibu. Sisi wote tuko hivyo, hata wauguzi wenye digrii. Waangalie wenzangu wa ushirika wa kanisa hapa, unaambiwa fulani amehamia Seattle akiwa ameshafika. Basi nilikaa na tiketi, nikinywa chai jikoni kwa Doreen kila jioni, yeye akiwaza utaanza shule gani, ile ya juu au ile ya mjini, na mimi nikimjibu tutaona. Nilijiambia namwepusha na machozi. Kwa kweli nilikuwa najiepusha mwenyewe.

Alijua siku aliponiona nikimpa dereva wa teksi masanduku. Alitoka na slipa. Alikuangalia wewe, akaniangalia mimi. Kule wote waliniita Grace, jina langu la ubatizo, na yeye alilisema taratibu sana.

"Ungenipa muda wa kuzoea, Grace."

Basi. Akakufunga kifungo cha juu cha koti, akarudi ndani kabla teksi haijaondoka. Wewe ulilia mpaka uwanja wa ndege, na ukiwa na umri ule hukujua unalilia nini.

Niliwahi kudhani nitayasahau yale maneno. Nimeyasikia nikiendesha gari hapa katika barabara zote. Na nikayalipia mapema, maana mwaka wetu wa kwanza Stafford mama yangu alianza kuugua. Karatasi zangu za ukaazi wa kudumu zilikuwa bado katikati, ningetoka Marekani nisingeruhusiwa kurudi. Nilikuwa nikimgeuza bibi mmoja wa pale Stafford kitandani, nampaka mafuta mgongoni asipate vidonda, na mgongo wa mama yangu uko Othaya. Aliyemgeuza alikuwa Muthoni, binti wa jirani, msichana asiye na undugu nasi hata kidogo. Alihamia kwa mama na mkeka wake. Alimwosha, alimlisha uji, na ndiye aliyekuwa amemshika mkono alipokata roho. Mimi nilizika kwa simu, nimesimama kwenye maegesho ya magari na joto lile la Houston, Muthoni ameinua simu juu ili nisikie udongo.

Sikumuuliza Muthoni kamwe mama yake mwenyewe alisema nini siku alipoubeba ule mkeka. Miaka yote hii sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa na mama. Nimeanza kulifikiria mwaka huu, wewe uliponiambia unakwenda.

Uliniambia mapema, mama. Ilikuwa baada tu ya mwaka mpya, nakata sukuma wiki hapo jikoni, ukaja ukaegemea friji. Ulisema Doreen hana tena kumbukumbu nzuri, ameanguka mara mbili, hana mtoto, na watu wa ustawi wa jamii wanataka kumtoa kwenye nyumba yake wampeleke chini mjini kwenye makao ya wazee. Ukaniambia kwamba Jumapili ile alikuangalia kwenye simu akakuita Grace. Alikuuliza, Grace, mtoto amekula? Nikakuuliza wewe ulimjibu nini.

"I said yes. Nikamwambia amekula, amelala. Then she was so happy, Mum."

Nikajua pale pale kwamba umeshakwenda. Ulikuwa umeshaandika maombi ya kazi hospitalini na umeshauliza kama utaruhusiwa kukaa naye kwenye chumba cha nyuma. Ulinipa miezi yote hii. Hukunificha kitu, kila barua ilipokuja ulinisomea. Ulinipa muda wa kuzoea, ambao mimi sikumpa mtu. Na mimi nikautumia vipi? Nilichukua shifti za ziada. Nilikuwa nikifika nyumbani unatoka, ukirudi natoka. Nilikununulia soksi. Nimekusikiliza ukinisomea hizo barua huku nakunja nguo, nikasema hiyo ni sawa, kama mtu anayesomewa habari za hali ya hewa. Usidhani sikusikia. Nilisikia kila neno.

Leo asubuhi baada ya kazi nilimpa lifti Mama Furaha mpaka kituo cha treni. Unamjua, yule Mkongo anayekaa Vickery Meadow, wa zamu yangu, anayenicheka ati nasema Kiswahili kama niko mbele ya darasa. Sijui kwa nini nilimwambia yeye nikaacha kuwaambia wa kwetu. Labda kwa sababu wa kwetu wangeniombea papo hapo. Nikamweleza juu ya swali lako na nilivyojifanya nimelala. Tukafika kituoni. Akafungua mlango, akaweka mguu mmoja nje, akasema, "Mama Wambui, miye niliachaka mama yangu Uvira bila kumuaga, juu ya vita. Weye hauna vita. Umujibu mutoto." Akashuka, akanipungia mkono, akaenda zake na mfuko wake wa chakula. Nilikaa pale mpaka gari la nyuma likanipigia honi.

Sasa nisikilize kidogo kuhusu Doreen, halafu tutamaliza.

Utachoka naye. Hakuna anayekwambia hivi kwa sababu wote wanakusifu au wanakushangaa. Itafika siku atakuuliza jambo lile lile tangu asubuhi mpaka jioni, na utasikia chuki imepanda mpaka kooni, na utajiona mtu mbaya. Si ubaya, ni uchovu. Mimi nimekuwa nao miaka mingi na bado naitwa muuguzi mpole. Toka nje, simama ukutani na wale kondoo, rudi ukipoa. Usimshike ukiwa na hasira hata kama ni kumfunga kifungo. Mikono yetu inasema tunachoficha mdomoni, na wazee wanaisikia hata wakiwa wamesahau majina yao.

Usiisafishe nyumba yake bila kumuuliza. Nakujua, umelelewa na mimi, ukifika utatafuta ndoo kabla hujavua koti. Acha kikombe kilipo. Kama kuna kitu kichafu nyuma ya mlango, kaa nacho kwanza, ujue ni cha nani. Akikuita Grace itika. Lakini siku zile akili yake inaporudi, na huwa zinarudi, mwambie wewe ni Wambui, mtoto aliyekuwa akimlea, kwamba umerudi kwa miguu yako mwenyewe. Ana haki ya kujua hilo japo kwa nusu saa.

Na asikuweke pale kwa huruma. Akifa, au ukimpenda kijana wa huko, au ukichoka tu, ukiamua kuondoka, waambie watu mapema. Waambie majirani, waambie kazini. Waache wakulilie ukiwa bado upo. Jicho la mtu halina nguvu tuliyoambiwa. Nimesafiri kwa siri mara zote na bado mambo yangu yameharibika kama ya wengine.

Habari ya mgongo wangu, usiubebe. Una daktari, una dawa, una Njeri wa kupiga kelele. Ni kweli unauma. Ni kweli pia kwamba nimeutumia mbele yako mwaka huu zaidi ya ulivyokuwa ukiuma. Nilikuwa nainuka kitini nikiguna nikikuona uko karibu. Uliona, nafikiri. Nisamehe hilo. Mtu akiogopa huomba kwa njia yoyote aliyo nayo, na mimi nilikuwa naomba usiende bila kulisema.

Nilisema pia kwamba kesho sitaweza kukupeleka uwanja wa ndege, niko zamuni usiku wa leo na nitakuwa nimechoka, kwa hiyo watu wa kanisa watakupeleka. Shifti ile hawakunipangia. Niliiomba mwenyewe. Nilikuwa najipangia teksi yangu nyingine, safari hii nikiwa mimi ninayebaki.

Sasa swali lako. Kama ningekujibu siku ile garini ningekudanganya. Ningesema nataka uende, Mungu akutangulie, ungekwenda na uongo wangu kwenye sanduku na ungeuona kila ukilifungua, maana hujawahi kushindwa kunisoma. Au ningesema baki, na ungebaki, najua, na tungekaa hapa Carrollton mimi na wewe tukitunzana kwa adabu, huku kule juu mtu anauliza kama mtoto amekula na hakuna wa kumjibu.

Kwa hiyo nakujibu yote mawili, kwa sababu yote mawili ni kweli na wewe ni mtu mzima wa kuyabeba. Sitaki uende. Sitaki kabisa. Mama yangu alikwenda nikiwa sipo, na wewe unakwenda nikiwa nimekaa hapa nakuangalia, na sijui lipi ni gumu. Nikifikiria asubuhi nitakayofungua mlango na viatu vyako havipo, natamani kuyamwaga masanduku haya na kurudisha kila nguo kwenye kabati.

Na nenda, mama. Nenda ukijua kwamba sikutaka. Nimempigia msimamizi simu sasa hivi, kabla ya kuandika mstari huu, nimemwambia usiku wa leo siji kazini, nina mgeni. Rudi mapema kutoka kwa rafiki zako, tutakula pamoja, na nitalia mezani, uniache nilie mpaka nimalize. Kesho nitaendesha gari mimi mwenyewe. Nitaegesha, sitakushusha mlangoni. Nitaingia na wewe mpaka pale wanapozuia watu, na nitabaki nimesimama pale pale, ili ukigeuka unione.

Mamako,
Grace Wairimu